Jedwali Lisilomwonea Mtoto

Leo nataka tuzungumzie mashindano ya roboti ya wanafunzi, lakini waya na betri tuwaachie mafundi. Mimi naitazama karatasi moja tu, ile inayobandikwa ukutani jioni, yenye majina ya timu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Watoto huikimbilia hata kabla ya kupewa soda. Wapo wanaoruka kwa furaha, na wapo wanaosimama pale wakiisoma mara ya pili na ya tatu, wakitafuta ni wapi walipopoteza. Wakimuuliza mwalimu wa klabu, mara nyingi naye hajui.

Hilo linaniuma. Mtoto akishindwa na mwenzake aliyejiandaa vyema zaidi, atarudi nyumbani na kazi ya kufanya. Akishindwa na hesabu ambayo hakuna aliyemweleza, ataamini kwamba mambo yalipangwa, na pengine hataigusa tena roboti. Kwa hiyo swali langu leo ni moja: jedwali la mashindano haya lipangwe vipi ili lipime kazi ya watoto, lisipime bahati yao siku ile?

Nalielekeza swali hili kwenu hasa mlio kati ya Ruiru na Thika, kwa sababu ukanda huu una kila sababu ya kulijibu vizuri. Ukipanda matatu Ruiru ukashuka Thika, umepita vyuo vikuu njia nzima. Zetech iko Ruiru, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja, na Mount Kenya iko Thika kwenyewe. Juja ndipo palipounganishwa sehemu ya zile tableti za serikali zilizoanza kupelekwa katika shule za msingi mwaka 2016. Na tangu mtaala wa umilisi uanze kote nchini mwaka 2019, wazazi wanasikia habari za kubuni na kuandika programu kila wanapoitwa shuleni. Watoto wapo, walimu wapo, wahandisi chipukizi wa kusimamia meza wapo. Kinachotakiwa ni kanuni nzuri ya kuhesabu.

Tuanze na mchezo ulio rahisi kuiga, ule wa FIRST LEGO League. Juu ya meza yenye kingo za mbao hutandikwa mkeka wenye picha, na juu ya mkeka huwekwa vitu vidogo vya kusukuma, kuinua na kubeba. Roboti hupewa dakika mbili na nusu. Ikishatoka katika eneo lake la kuanzia inajiendesha yenyewe kwa programu iliyoandikwa na watoto, na mtoto akiigusa huko nje anaweza kupoteza alama. Kila timu hucheza raundi tatu. Inayohesabiwa ni raundi moja tu, ile bora kuliko zote. Hizo nyingine mbili huangaliwa timu zinapolingana.

Sasa chukua timu mbili za kubuni. Ya kwanza tuiite Ndarugu, ya pili tuiite Kilimambogo. Ndarugu inapata alama 310 raundi ya kwanza, 90 raundi ya pili, na 120 ya tatu. Kilimambogo inapata 260, halafu 250, halafu 255. Kwa kanuni ya raundi bora, Ndarugu iko juu, kwa kuwa 310 inaizidi 260. Lakini muulize mhandisi yeyote ni roboti ipi angeikabidhi kazi kiwandani. Atachukua Kilimambogo bila kufikiri mara mbili, maana inafanya leo ilichofanya jana. Ukijumlisha raundi mbili bora za kila timu, Ndarugu inapata 430 na Kilimambogo 515, na jedwali linageuka juu chini.

Mtu atasema, basi tuhesabu zote tatu na tumalize. Mimi sikubali, na sababu nimeishuhudia kwa macho. Katika ukumbi mmoja niliona roboti iliyofuata mstari mweusi asubuhi nzima bila kukosea. Saa nane mchana jua likaingia dirishani, likaangukia nusu ya mkeka, na kile kihisi cha rangi kilicho chini ya roboti kikaanza kuuona weusi kama kijivu. Roboti ikapiga mzunguko mahali pamoja, mzunguko baada ya mzunguko. Msichana aliyeiandikia programu akamgeukia refa: "Mwalimu, tafadhali, ni hiyo jua." Refa akamhurumia, lakini saa ilikuwa inakwenda, na meza ya jirani ilikuwa kivulini. Mtoto yule alijua hasa tatizo ni nini, jambo ambalo ndilo tunalotaka ajue. Kumhesabia raundi ile ni kumwadhibu kwa sababu ya dirisha.

Ndiyo maana ninapendekeza kwa mashindano madogo ya siku moja: zichezwe raundi tatu, itupwe ile mbaya kuliko zote, zijumlishwe mbili zilizobaki. Mkosi mmoja unasamehewa, iwe ni jua, iwe ni waya uliochomoka, iwe ni stima iliyopotea kompyuta ikiwa haijajaa chaji. Lakini bahati moja haitoshi kumpa mtu kikombe. Walioweka kanuni ya raundi bora nao wana hoja: wanataka mtoto athubutu, ajaribu jambo gumu bila kuogopa kuharibu wastani wake. Naiheshimu hoja hiyo. Ila kuthubutu kunakowezekana mara moja kati ya tatu bado hakujakomaa, na mtoto anayeambiwa hivyo kabla ya siku ya mashindano ataitumia wiki nzima kuikomaza. Na waandaaji, zungusheni timu ili kila moja icheze kila meza. Pazia nalo halina gharama kubwa.

Tuje kwenye sare, maana hapo ndipo kelele zinapoanzia. Wapenzi wa kandanda mnakumbuka tarehe 8 Oktoba 2011 kule Nelspruit. Afrika Kusini walitoka sare tasa na Sierra Leone, wakazunguka uwanja wakicheza na kushangilia, wakiamini tofauti ya mabao imewafikisha Kombe la Afrika la mwaka 2012. Wao, Niger na Sierra Leone walikuwa na pointi 9 kila mmoja, na kanuni ilitazama kwanza matokeo ya wenyewe kwa wenyewe. Niger ndiyo iliyokwenda. Kanuni ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo, lakini kundi zima la watu wazima waliolipwa kuijua hawakuijua. Je, mtoto wa gredi ya saba?

Kwa hiyo kanuni ya kuvunja sare isomwe kwa sauti asubuhi, Kiswahili sanifu, watoto wakiwa wameketi, na atoke mtoto mmoja aieleze kwa maneno yake mwenyewe. Isingoje sare itokee. Na kinachovunja sare kiwe ni kazi ya roboti: ile raundi mbaya ambayo tuliitupa, au muda uliotumika, kama ilivyo katika mashindano ya World Robot Olympiad ambako muda huamua alama zikilingana. Sitaki kusikia habari za kurusha sarafu. Wala sitaki mezani kuchunguzwe nani alikuwa na adabu zaidi. Senegal walitolewa Kombe la Dunia tarehe 28 Juni 2018 wakiwa sawa na Japan kwa kila kitu, pointi 4 kwa 4, mabao 4 ya kufunga na 4 ya kufungwa, na wenyewe kwa wenyewe walikuwa wametoka 2 kwa 2. Kadi za manjano ndizo zilizoamua, sita kwa nne. Japan walipopata habari kwamba Senegal wamefungwa, walitumia dakika zao za mwisho dhidi ya Poland kupasiana mpira nyuma huku wakiwa nyuma kwa bao moja, kwa kuwa kanuni ilikuwa inawabeba.

Mfano huo wa Japan unanifikisha kwenye jambo ambalo waandaaji wetu hulisahau: kanuni ya alama inamfundisha mchezaji namna ya kucheza, hata kama hukukusudia. Marekani kuna mashindano makubwa ya vijana wa sekondari yaitwayo FIRST Robotics Competition, ambamo roboti tatu hushirikiana dhidi ya nyingine tatu. Mwaka 2010 waliweka kanuni yenye nia njema kabisa. Walitaka mshindi asimdhalilishe mpinzani, kwa hiyo katika raundi za mwanzo mshindi alipewa alama zake na kuongezewa mara mbili ya alama za aliyeshindwa. Aliyeshindwa naye alipewa alama sawa na zile za mshindi.

Fanyeni hesabu nami hapo mlipo. Mechi ikiisha 5 kwa 4, mshindi anapata 5 na 8, jumla 13, na aliyeshindwa anapata 5. Ikiisha 9 kwa 0, mshindi anapata 9 na aliyeshindwa pia anapata 9. Jumla ya pande zote mbili ni 18 katika mechi zote mbili. Sasa kama unahisi utashindwa, kuna faida gani kufunga upande wako? Kuna timu zilizoliona hilo, zikakubaliana kabla ya mechi, na roboti zote sita zikawa zinafunga kwenye magoli ya upande mmoja. Hakuna aliyevunja sheria. Watazamaji walikaa wakitazama mchezo ambao haukuwa na upinzani. Ninalitaja hili kwa sababu watoto wa Thika ni werevu vilevile. Ukiweka kanuni, kaa nayo usiku mmoja ujiulize: mtoto mwerevu anayetaka nafasi ya kwanza tu, hii itamwelekeza wapi?

Mashindano ya kushirikiana yana ugumu wake wa pekee, nao ni wa droo. Katika FIRST Tech Challenge mnacheza wawili dhidi ya wawili, na mshirika wako hubadilika kila mechi. Ukicheza mechi tano, na mara tatu ukapangiwa mwenzako ambaye roboti yake haijatikisika, utashindwa ukiwa hodari. Mwingine atabebwa na washirika hodari aketi nafasi ya pili. Kwa mechi tano, kuhesabu ushindi peke yake ni kuhesabu droo.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza inatumika katika mashindano ya VEX: timu zikilingana kwa ushindi na kwa alama za sehemu ya kujiendesha, huangaliwa pia ugumu wa ratiba, yaani alama za upande ulioshindwa katika kila mechi uliyocheza. Aliyewashinda wenye alama nyingi anamzidi aliyewashinda wasiofunga. Ya pili ni hesabu ambayo mtoto wa kidato cha pili anaiweza, zile za kutafuta herufi zisizojulikana. Tuseme Ndarugu na Kilimambogo walipocheza pamoja walipata 140. Ndarugu na timu ya tatu, Athi, wakapata 110. Kilimambogo na Athi wakapata 90. Ukijumlisha zote unapata 340, na kila timu imehesabiwa mara mbili, kwa hiyo zote tatu kwa pamoja zina thamani ya 170. Toa 90, Ndarugu ni 80. Toa 110, Kilimambogo ni 60. Toa 140, Athi ni 30. Sasa unajua nani alikuwa anambeba nani.

Hesabu hii, timu za FIRST huitumia kuchagua washirika wa fainali, kwani huko walio juu kwenye jedwali ndio wanaochagua. Haitumiki kupanga jedwali lenyewe, na ninakubaliana nao. Mechi zikiwa chache inayumba, na haimwoni mtoto ambaye kazi yake ilikuwa kumzuia mpinzani. Lakini ningependa ibandikwe ukutani kando ya jedwali. Mwalimu wa hesabu akitaka somo lake liishi, hilo hapo.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nina uchungu nayo zaidi: waamuzi wa chumbani. Wazazi wengi hudhani kikombe kinatoka mezani. Katika FIRST LEGO League kuna sehemu nne zenye uzito sawa: roboti mezani, ubunifu wa roboti, mradi wa utafiti, na namna timu inavyoshirikiana. Roboti mezani ni robo tu. Sehemu kubwa ya robo tatu zilizobaki inatoka chumbani, mbele ya waamuzi wenye karatasi, watoto wakijieleza.

Na wanajieleza kwa lugha gani? Kwetu, kwa Kiingereza, bila hata kuulizwa. Mtoto wa shule ya kulipia iliyo karibu na barabara kuu, anayeongea Kiingereza tangu chekechea, anasimama na kumwaga sentensi. Mtoto wa shule ya kutwa ya Kiandutu au Makongeni, ambaye ametengeneza mkono wa roboti yake kwa mota aliyoitoa kwenye printa iliyokufa, anatafuta neno, analikosa, anainamisha macho. Mwamuzi anaandika kwamba hakueleza kwa ufasaha. Jamani, tulikuwa tunapima nini pale? Kama ni gia, mtoto anaijua gia. Mwambie, "Nieleze kwa Kiswahili, mwanangu," uone atakavyoinua kichwa. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi chini ya katiba yetu ya mwaka 2010. Haiombi ruhusa kuingia katika chumba cha mashindano. Waamuzi wapangwe wakiwa wanazijua lugha zote mbili, na karatasi ya alama isiwe na mstari wowote unaotuza matamshi.

Jambo la pili la chumbani ni ukali wa waamuzi. Timu zikiwa nyingi hugawanywa vyumba viwili. Chumba kimoja waamuzi ni wapole, wastani wao unakuwa 82 kwa 100. Chumba cha pili ni wakali, wastani wao 64. Ukizichanganya alama hizo ghafi, umewaadhibu watoto kwa sababu ya mlango walioelekezwa kuingia. Afadhali kila chumba kipange timu zake kwa nafasi, halafu wale wa juu wa kila chumba waonwe tena na waamuzi walewale wote kwa pamoja. Itachukua nusu saa zaidi. Tutangoja.

Na hapa tunao utamaduni wetu wa kuufuata. Katika tamasha za muziki za Kenya, ambazo zina historia tangu mwaka 1927, mwamuzi husimama mbele ya kwaya zote akasema wazi: sauti ya tatu ilishuka hapa, mwendo ulikimbia pale. Watu hununa, hupiga makofi, lakini wanajua. Mwamuzi wa roboti naye asimame hivyo hivyo jioni, dakika chache kwa kila timu, kabla ya vikombe kutolewa.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi. Kuna timu inakuja na sanduku jipya la LEGO na vipuri vya akiba, na kuna inayokuja na mbao, gundi na bodi ya Arduino iliyonunuliwa kwa mchango. Wapo wanaotaka timu maskini iongezewe alama. Mimi napinga, kwa kuwa alama ya huruma mtoto huijua, nayo humdhalilisha. Watenganishwe kwa aina ya vifaa, kila kundi na kikombe chake cha ukubwa uleule, na kila timu ipewe dakika sawa za kufanyia majaribio kwenye mkeka halisi. Shule yenye mkeka wake imeshafanya mazoezi mwezi mzima. Isiyo nao inauona kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Mtaniuliza kwa nini tupange nafasi hata kidogo, ilhali mwaka 2014 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku kupanga shule kwa matokeo ya mitihani ya kitaifa. Mabishano yale nayakumbuka, na woga uliokuwa nyuma yake ulikuwa wa kweli. Lakini nafasi za kwenda hatua inayofuata ni chache, na lazima mtu achaguliwe. Basi wasomwe hadharani wale wanaosonga mbele, na kila timu nyingine ipewe karatasi yake mkononi yenye alama zote, raundi kwa raundi, sehemu kwa sehemu. Sioni haja ya kumtangaza wa 24 kwa kipaza sauti.

Karatasi hiyo ianzie mezani. Refa akimaliza kuhesabu, awapitishe watoto katika kila mstari, wakubali au wabishe papo hapo, kisha mmoja wao atie sahihi kabla kitu chochote hakijaguswa. Baada ya sahihi hiyo, mwalimu asirudi kupiga simu usiku, wala mwenye shule asimtafute mwandaaji pembeni.

Wazazi, kabla ya kulipa nauli ya basi la shule, ombeni ukurasa wa kanuni za alama. Ukurasa mmoja unatosha: raundi zinahesabiwaje, sare inavunjwaje, waamuzi wanatumia lugha gani, malalamiko yanapelekwa kwa nani na kabla ya saa ngapi. Nanyi waandaaji wa Ruiru, Juja na Thika, uleteni ukurasa huo hapa studioni kabla ya muhula ujao kufunguliwa. Nitausoma hewani neno kwa neno, na wasikilizaji watapiga simu kuuliza pale pasipoeleweka.